Anasoma vizuri, ila haelewi: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu ya msingi

Kwa waheshimiwa wa Wizara ya Elimu, TAMISEMI, Taasisi ya Elimu na Baraza la Mitihani,

Itifaki imezingatiwa.

Yah: Wanafunzi wanaosoma kwa kutiririka bila kuelewa wanachokisoma

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, darasa la tano, katika shule ya serikali mkoani Shinyanga. Huu ni mwaka wangu wa 14 kazini, na mkondo wangu una wanafunzi 87. Siandiki kuomba uhamisho wala kukumbushia daraja langu, ingawa hilo nalo lina siku yake. Naandika kwa ajili ya msichana mmoja anayekaa dawati la tatu upande wa dirishani, na wenzake wengi wa aina yake ambao fomu zetu zote hazina mahali pa kuwaandika.

Mwezi wa pili nilimsimamisha asome habari ya nahodha na jahazi lake. Alisoma kama maji ya mfereji. Penye nukta alipumua, penye mkato alitua kidogo, "aking'ang'ania usukani" aliipita bila kugugumia. Darasa likampigia makofi. Nikamuuliza: kwa nini nahodha aliteremsha tanga? Akainamia kitabu, akatembeza kidole akilitafuta neno "tanga", akalipata, akanisomea sentensi nzima lilimokuwa: "Nahodha aliteremsha tanga haraka." Nikamwambia vizuri, lakini kwa nini? Akaisoma tena ile ile, safari hii kwa sauti kubwa zaidi, kama kwamba tatizo ni masikio yangu. Mawingu meusi na upepo vilikuwa aya moja juu yake, na alikuwa ameshavisoma kwa matamshi safi kabisa.

Hapo nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo. Tanga ni nini? "Ni mkoa, mwalimu."

Hakucheka. Hakuona ajabu kwamba mtu ameuteremsha mkoa, tena haraka. Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Kutojua neno ni jambo la kawaida kwa mtoto aliyezaliwa Shinyanga na asiyewahi kuiona bahari. Kinachotisha ni kwamba habari ilikuwa imeacha kuwa na maana na yeye hakushtuka. Inaelekea hakuwahi kutarajia kwamba habari ya kitabuni iwe na maana.

Kwenye kumbukumbu zetu mtoto huyu ni "anasoma". Tunayo masanduku mawili tu, anasoma na hasomi, naye yumo kwenye lile zuri.

Naelewa masanduku hayo yalikotoka. Wengi wenu mnaukumbuka mwaka 2012, ilipotangazwa kwamba zaidi ya watoto 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Kabla ya hapo wapimaji wa mpango wa Uwezo walikuwa wameanza kupita nyumba kwa nyumba tangu 2010 wakiwapima watoto kusoma, na ripoti zao za mwanzo zilionesha kwamba katika kila watoto kumi wa darasa la tatu ni takribani watatu tu walioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Aibu ile ilituamsha. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kwa darasa la kwanza na la pili, tukapelekwa mafunzo, tukaimbishwa sauti za herufi, na nashuhudia kwa macho yangu kwamba watoto wanaokwama kwenye silabi wamepungua katika shule nilizofundisha. Sibezi kazi hiyo. Nimeifanya.

Ila kuna mtego ndani ya lugha yetu wenyewe. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazimudu silabi, na zile ngumu za "ng'we" na "mbwe", mpe Gazeti la Serikali atakusomea. Hata huko si mteremko kama watu wanavyodhani: Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha mwaka 2003 utafiti juu ya makosa ya tahajia ya watoto wa Tanzania, na walichosema ni kwamba kujifunza kuandika lugha yenye tahajia ya kanuni si jambo dogo. Hata hivyo, ukilinganisha na Kiingereza, ambako mtoto anaweza kujikwaa kwenye kila neno la tatu, kwetu kutamka huja mapema. Basi sikio la mwalimu hudanganyika. Mtoto asiyeelewa Kiingereza mara nyingi utamsikia akikwama, wa Kiswahili anatiririka nawe unatia vema.

Nilifanya jaribio la kienyeji. Niliandika ubaoni sentensi niliyoitunga usiku uliotangulia, isiyo na maana yoyote duniani:

"Mchelembi alivibelenya vipalefu vyake vitatu kando ya mgofwe, kwa sababu mgofwe ulikuwa umeshandama."

Kisha maswali. Nani alivibelenya vipalefu? Vipalefu vilikuwa vingapi? Kwa nini Mchelembi alivibelenya kando ya mgofwe? Nikasahihisha madaftari mchana kutwa. Karibu darasa zima lilipata yote matatu. Mchelembi. Vitatu. Kwa sababu mgofwe ulikuwa umeshandama. Swali la nne niliuliza kwa mdomo: je, Mchelembi alifurahi au alisikitika? Kimya. Baada ya muda mvulana mmoja wa nyuma kabisa, ambaye kwa kweli husoma kwa shida, akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwani mgofwe ni nini?" Katika watoto 87, aliyeuliza ni mmoja.

Waheshimiwa, chukueni mtihani wowote wa ufahamu wa miaka ya karibuni, wa wilaya au wa mkoa, mhesabu ni maswali mangapi yanaweza kujibiwa kwa mbinu ya Mchelembi. Mimi nimehesabu ile niliyonayo kabatini na sikupenda nilichokiona.

Watafiti wana maelezo ya jambo hili tangu zamani. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walisema kuelewa unachosoma ni zao la vitu viwili: uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inapozungumzwa. Wakasisitiza kwamba ni kuzidisha, si kujumlisha. Ukiwa na sifuri upande mmoja, upande wa pili hata ukiwa mia, jibu ni sifuri. Sisi tumewekeza nguvu zetu zote upande mmoja wa alama ya kuzidisha. Huko Uingereza, Jane Oakhill na Nicola Yuill waliwachunguza watoto wanaotamka sawasawa na wenzao lakini hawaelewi, wakaona wamepungukiwa hasa katika kuunganisha mambo ambayo mwandishi hakuyasema waziwazi, na katika kugundua kwamba wamepotea. Nilipoyasoma hayo nilimwona msichana wangu na mkoa wake ulioteremshwa.

Kwa Kiswahili kuna kona zake ambazo sijaona kitabu cha kiada kikizishughulikia. Chukua sentensi hii: "Mama alimpigia simu shangazi kwa sababu alikuwa anaumwa. Shangazi akafunga duka, akaja mbio na dawa." Nani anaumwa? Nusu ya darasa langu walisema shangazi, kwa kuwa jina lake ndilo lililo karibu na "alikuwa". Ile "a-" haisemi ni nani, ni lazima usome mbele urudi nyuma. Au hii: "Kivuko kilikuwa kimebeba kitanda cha mgonjwa. Kilipofika, vijana wanne walikishusha." Kilichofika ni kivuko, kilichoshushwa ni kitanda, na vyote viwili vimevaa "ki" ile ile. Sisi watu wazima tunavuka hapo bila kujua kwamba tumevuka. Baadhi ya watoto wangu waliwaona vijana wanne wamekibeba kivuko mabegani, na mmoja alinichorea.

Tangu siku hiyo tuna mchezo wa dakika tano mwanzoni mwa kipindi. Naandika sentensi mbili ubaoni, wao wanachora mshale kutoka kwenye kila "a", "m", "ki" na "wa" kwenda kwa mwenyewe. Haugharimu chochote ila chaki.

Sasa jambo la maneno, ambalo ndilo zito zaidi huku kwetu. Watoto wangu wengi wanaamka na Kisukuma, wanacheza kwa Kisukuma, wanachunga kwa Kisukuma. Kiswahili chao cha uwanjani ni kizuri, ila cha kitabuni kina "tahadhari", "fadhaa", "akastaajabu", "hatimaye", maneno ambayo hakuna anayeyatumia akimwita mwenzake kwenye mpira. Nchini Uingereza Paula Clarke, Margaret Snowling, Charles Hulme na mwenzao walichapisha mwaka 2010 matokeo ya kazi waliyoifanya na watoto wa miaka minane na tisa waliokuwa na tatizo hili hili. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kushughulikia maandishi. La pili lilifundishwa kwa mazungumzo tu: misamiati, kusimulia, kusikiliza habari na kuijadili, bila mtoto kusoma habari yenyewe. La tatu lilichanganyiwa. Kazi hiyo ilichukua wiki 20. Makundi yote matatu yalinufaika, lakini walipopimwa tena karibu mwaka mmoja baadaye, waliokuwa wamezidi kupanda ni wale wa mazungumzo. Walielewa maandishi zaidi kwa kufundishwa kuzungumza.

Sasa fikirini kipindi cha Kiswahili kinavyokwenda shuleni kwetu, nami nikiwemo. Dakika 40. Wanasoma kwa zamu, mmoja aya moja, wengine wanafuata kwa kidole au wanatazama mbuzi dirishani. Zimekwenda 20. Mwalimu anaandika maswali ubaoni, wanayanakili na kuyajibu. Zimekwenda nyingine 15. Zilizobaki ni za kusahihisha mbili tatu na kukusanya madaftari. Mtoto amezungumza nini? "Ndiyo mwalimu." Dolores Durkin wa Chuo Kikuu cha Illinois alikaa madarasani Marekani na saa yake miaka ya 1970. Katika dakika 4,469 za masomo ya kusoma alizozishuhudia darasa la nne, zilizotumika kufundisha watoto namna ya kuelewa zilikuwa 20. Zilizobaki walimu walikuwa wakiuliza maswali kuona kama wameelewa, wakigawa mazoezi, wakisahihisha. Kuuliza kama mtoto ameelewa si kumfundisha kuelewa. Nilipoiona takwimu hiyo nilijipa moyo kwamba si sisi peke yetu, halafu nikaona haya kwa kujipa moyo.

Kuna jambo jingine ambalo utafiti umelisema na wafugaji wangu wamenithibitishia. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa vijana wa Marekani habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo waliikumbuka na kuisimulia habari ile vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Sasa mimi nina mvulana, yule yule aliyeuliza mgofwe ni nini, ambaye anayakokota maneno kama mkokoteni wenye pancha. Niliwatungia habari fupi ya ng'ombe aliyegoma kula, mwenye homa, mwenye tezi zilizovimba chini ya masikio, na kupe wamemjaa. Jina la ugonjwa sikuliandika. Alifika katikati, akaacha kusoma, akaniambia: "Mwalimu, huyo ana ndigana kali. Wasipomchoma sindano leo atakufa." Nahodha na tanga vilimshinda. Hapa alikuwa amesoma hata ambayo sikuyaandika.

Msinielewe vibaya. Sisemi watoto wa Shinyanga wasomeshwe ng'ombe na wa Kilwa jahazi maisha yao yote. Nataka wangu waijue bahari. Lakini kabla ya kufungua ukurasa wa nahodha ningepaswa kuchukua khanga na mti wa fagio nikawaonesha tanga ni nini na upepo unalifanyaje. Kiongozi cha mwalimu kilichoko mezani kwangu kiliniambia "waongoze wanafunzi kusoma habari kwa usahihi", basi.

Mbinu iliyonisaidia zaidi ni ya Annemarie Palincsar na Ann Brown, waliyoichapisha mwaka 1984. Wao walifanya kazi na wanafunzi wa darasa la saba huko Marekani, wanaotamka vizuri wasioelewa, wakawafundisha kuizungumzia habari aya kwa aya kwa kufanya mambo manne: kutabiri kinachofuata, kutunga swali, kufafanua palipo na giza, na kuifupisha aya kwa maneno yao. Mwanzo mwalimu anaongoza, kisha anawaachia watoto waongoze wenyewe kwa zamu. Ndani ya wiki chache tu alama zao za ufahamu zilipanda sana, na faida ilibaki hata baada ya mafunzo kwisha.

Wao walikuwa na vikundi vidogo. Mimi nina 87 na vitabu 31. Niligawa makundi 12, vitabu viwili au vitatu kila kundi, na kila aya ina kiongozi wake ambaye tunamwita mwalimu wa zamu. Jina hilo lilifanya nusu ya kazi. Mtoto anayeitwa mwalimu wa zamu hupandisha mabega.

Wiki ya kwanza ilikuwa soko. Mwalimu wa darasa jirani alikuja mlangoni kuuliza kama nipo. Maswali waliyotunga yalikuwa ya aina moja: nani, wapi, wangapi. Wiki ya pili hivyo hivyo, na nilikaribia kuacha. Wiki ya nne, katika habari ya mtoto aliyepoteza hela ya unga, msichana wangu wa dawati la tatu alikuwa mwalimu wa zamu. Akawauliza wenzake: "Kwa nini hakumwambia mama yake?" Kitabuni jibu halimo. Wakabishana. Mmoja akasema aliogopa fimbo, mwingine akasema hapana, mama alikuwa mgonjwa hakutaka kumwongezea mawazo, rudi aya ya kwanza utaona. Wakarudi aya ya kwanza, kwa hiari yao, kitu ambacho sikuwahi kukiona darasani kwangu kwa miaka 14.

Makundi mawili hayajawahi kufanya kazi sawasawa mpaka leo, na kuna watoto tisa ambao mbinu hii haiwafai kwa sasa kwa sababu bado wanahangaika na silabi. Mmoja aligundulika haoni ubaoni. Alihitaji miwani tu. Wengine huenda wana disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na uvivu wala macho, na shule yetu haina wa kuwapima. Hao wanahitaji msaada wao, wa peke yao. Ndiyo maana nasema masanduku mawili hayatoshi. Shule moja niliyopitia, jioni tuliwakusanya wote "wasiofanya vizuri Kiswahili" chini ya mwembe tukawaanzishia ba be bi bo bu upya. Mle ndani kulikuwa na watoto wa darasa la sita wanaosoma kwa ufasaha kuliko mimi nikiwa na mafua. Walirudishwa kwenye silabi wasizozihitaji kwa sababu walifeli ufahamu. Walikuwa wakijificha wenzao wasiwaone.

Basi ninachokiomba ni hiki, na sehemu kubwa yake haihitaji fedha za kutisha. Tena kuhusu fedha, mnao utafiti wa hapa hapa nyumbani, wa mradi wa KiuFunza, uliofanyika mwaka 2013 na 2014 katika shule 350: shule zilizopewa ruzuku peke yake, bila kingine, watoto hawakupanda alama. Kwa hiyo siombi ruzuku.

Ombi la kwanza, na mkinipa hili tu nitaridhika: tuwekeeni kipimo kinachotenganisha aina mbili za shida. Mwalimu amsomee mtoto habari fupi kwa sauti, amuulize maswali matano. Kisha mtoto asome mwenyewe habari nyingine ya kiwango hicho hicho, aulizwe matano. Akielewa aliyosomewa na asielewe aliyosoma, shida yake ni ya kutambua maneno, mpelekeni kwenye silabi. Asipoelewa zote mbili, silabi hazitamsaidia hata mkimkalisha chini ya mwembe mpaka maembe yaive, kwa sababu shida ni ya lugha na ya maarifa. Ni dakika kumi kwa mtoto mmoja. Kifanyike darasa la tatu, mapema, kabla ya upimaji wa darasa la nne. Vipimo tulivyonavyo vya kusoma kwa dakika moja na kuhesabu maneno vina kazi yake, maana mtoto anayekokota husahau mwanzo wa sentensi kabla hajafika mwisho. Lakini tumevifanya kuwa mashindano ya mbio. Nimeona walimu wanashika saa kama makocha.

Kwa Baraza na kwa kamati za mitihani za wilaya na mikoa: tungeni maswali ambayo Mchelembi hawezi kuyapita. Nusu tu. Tunafundisha mnachokipima, hilo mnalijua kuliko mimi.

Kwa Taasisi: viongozi vya mwalimu viseme ni maneno gani ya kufundisha kabla ya kufungua habari, ni kitu gani cha kuonesha, na mahali gani "a" na "ki" zitampoteza mtoto. Na kipindi kimoja kwa wiki kiitwe cha mazungumzo, kiandikwe kwenye ratiba, ili mthibiti ubora akinikuta watoto wanabishana asiandike "darasa halina utulivu". Nimeandikiwa hivyo.

MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, tunayo tayari. Tunakutana shuleni, tunakutana kituo cha walimu. Mada tunazoletewa ni nyingi na nyingine nzuri, lakini mbinu hizi huwezi kuzijifunza kwa kusomewa slaidi. Turuhusiwe kukaa nyuma ya darasa la mwenzetu kipindi kizima, kisha tuzungumze tulichokiona. Mimi ningejifunza miaka kumi mapema kama ningewahi kumwona mtu mmoja tu anafanya.

Kuna haraka pia. Darasa la tatu lililoanza mtaala mpya Januari 2024 litamaliza msingi darasa la sita mwaka 2027, pamoja na darasa la saba la mwisho. Januari 2028 mikondo yote miwili inaingia kidato cha kwanza kwa mpigo, na kwa sera mpya hakuna anayebaki nyumbani, elimu ya lazima ni miaka kumi. Nalifurahia hilo. Lakini huko wanakokwenda watasoma kwa Kiingereza. Mjadala wa lugha ya kufundishia siufungui hapa, Profesa Martha Qorro na wenzake wameusema kwa miongo na majibu mnayo ninyi. Nasema tu kwamba mtoto ambaye hajazoea kushtuka anapokutana na mgofwe kwa Kiswahili atakutana na mgofwe mmoja kila mstari kwa Kiingereza, na atafanya anachokijua: ataokota sentensi yenye neno lililo kwenye swali, ataandika kwa mwandiko mzuri, na wakati mwingine atapata vema.

Mnakaribishwa darasani kwangu. Kipindi ni Jumanne, saa 2:40 hadi saa 3:20 asubuhi. Njooni na habari yenu wenyewe, ambayo watoto hawajaiona, na maswali yenu. Naomba tu msitangulize taarifa. Tukijua mnakuja tutapaka mawe chokaa, tutawapanga mbele wanaosoma kwa kutiririka, na yule msichana wa dawati la tatu ndiye atakayechaguliwa kuwasomea risala.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kiswahili, darasa la tano,
Mkoa wa Shinyanga